Kadi 250 na jina la ukoo lisilosomeka: kisa cha Zapfino

Shangazi wa bwana harusi aliisogeza kadi mbali na macho, akairudisha karibu, akavua miwani, akaivaa tena. Sebuleni tulikuwa watu sita, sote kimya, tukimsubiri. Mwishowe akamgeukia mama wa bibi harusi, si mimi, akauliza kwa upole: "Dada, huyu Nguvana ni nani?"

Hakukuwa na Nguvana yeyote. Ukoo wa bwana harusi ni wa Kisukuma, na jina lao linaanza na Ng'wana, yaani mwana wa, kisha linafuata jina la babu. Ni jina ambalo shangazi huyo ameliandika maisha yake yote. Alipokosa kulisoma kwenye kadi ya harusi ya mtoto wa kaka yake, hakukasirika. Aliona tumewakosea heshima kwa kuwaandikia jina la watu wengine, na hilo lilikuwa zito kuliko hasira. Mama wa bibi harusi aliichukua kadi, akajaribu naye, akakwama palepale. Kadi 250 zilikuwa kwenye maboksi mawili mlangoni, na harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Kazi yangu ni kutengeneza kadi: za mchango, za sendofu, za nikahi, za harusi. Kisa hiki nakiandika kwa kirefu kwa sababu najua wenzangu wengi Dar es Salaam na kwingineko wanaitumia fonti hiyohiyo, Zapfino, yaani maandishi ya kompyuta yenye sura ya mwandiko wa mkono, na kosa nililolifanya halionekani kwenye skrini. Linaonekana sebuleni, mikononi mwa mtu mzima mwenye miwani.

Kadi ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, maandishi ya dhahabu inayobandikwa kwa joto, yote kwa Zapfino. Nikisema yote nina maana yote: majina ya wazazi wa pande mbili, majina ya maharusi, kanisa, ukumbi ulioko Mwananyamala, tarehe, hadi mstari wa mwisho wenye namba za simu za kamati. Mistari 14. Mama wa bibi harusi ndiye aliyeitaka fonti hiyo. Aliiona kwenye kadi ya binti wa rafiki yake, akaja akaniambia, "Mwanangu, nataka yale maandishi yenye mikia." Nilimwonyesha kwenye kompyuta jina la bintiye, peke yake, kubwa, katikati ya skrini nyeupe. Jina hilo lina herufi tatu ndefu. Mikia ilipanda, ikashuka, ikajikunja mwishoni kama utepe. Mama alishika kifua. Mimi pia nililipenda, na hapo ndipo tulipokubaliana bila kuandika neno jingine lolote la kadi ile kwa majaribio.

Jambo la kwanza nililolifikiria baada ya swali la shangazi lilikuwa kiwanda cha uchapaji. Wengi wetu hukimbilia huko: faili limefunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti, programu ikaweka fonti nyingine, kazi ikaharibika. Usiku ule nilikaa na kadi na faili, mstari kwa mstari. Nilikuwa nimegeuza maandishi yote kuwa michoro kabla ya kulituma, kwa hiyo hakuna herufi iliyobadilika. Mchapaji alichapa nilichompa. Jina lilikuwa halisomeki tangu kwangu.

Ilinibidi nirudi nyuma kabisa, hadi kwa aliyeichora, ndipo nikaelewa nilikuwa nimeshika chombo cha namna gani.

Hermann Zapf alizaliwa Nürnberg, Ujerumani, mwaka 1918. Alitaka kusomea uhandisi wa umeme, lakini baba yake alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, na chini ya utawala wa Wanazi mlango huo ulifungwa kwa mwanawe. Kijana akaingia uanagenzi wa kurekebisha picha katika kiwanda cha uchapaji. Mwaka 1935 alikwenda kuona maonyesho ya kazi za Rudolf Koch, bingwa wa mwandiko aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akarudi nyumbani na vitabu viwili na kuanza kujifunza mwandiko wa kalamu bapa peke yake, bila mwalimu. Vita vilipokuja, jeshi lilimweka kwenye uchoraji wa ramani, kazi inayotaka mkono usiotetemeka na maandishi madogo mno. Mwaka 1944, akiwa bado askari, kuna ukurasa aliujaza mwandiko katika daftari lake la michoro: herufi zilizoegama, zinazopishana, zenye mikia mirefu inayokwenda ilikotaka. Ukurasa ule ndio mbegu ya Zapfino. Fonti yenyewe ilitoka mwaka 1998. Kati ya hapo na pale kuna miaka 54.

Kwa nini miaka yote hiyo? Hapa ndipo penye jibu la kadi yangu, ingawa sikuliona mara moja.

Mwaka 1948 Zapf alijaribu kuuchora mwandiko wa aina hiyo kwa ajili ya Stempel, kiwanda cha kusubu herufi cha Frankfurt. Ukaitwa Virtuosa. Ni mzuri, lakini umebanwa. Herufi ya risasi, ile ya uchapaji wa zamani, ni kipande cha madini chenye umbo la tofali, na matofali hupangwa ubavu kwa ubavu. Mkia ukitaka kupita juu ya jirani, lazima utokeze nje ya tofali lake, na kilichotokeza nje huvunjika mashine inapokandamiza. Kwa hiyo mikia ya Virtuosa ilikatwa ili itoshe ndani ya nyumba zao. Kulikuwa na shida nyingine ambayo hata risasi laini isingeiondoa: mkono wa binadamu hauandiki a mbili zinazofanana. Huitazama herufi iliyotangulia na ile inayokuja, ukaamua. Ukiwa na umbo moja tu la kila herufi, huna mwandiko. Una muhuri unaorudiwarudiwa.

Zapf akaendelea na maisha, na maisha yake yalikuwa makubwa. Alichora fonti ya Palatino, akachora ya Optima. Mwaka 1960 maktaba ya Pierpont Morgan ya New York ilimpa kazi ya kuandika kwa kalamu utangulizi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa katika lugha nne. Alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo katika ufundi wake kuiamini kompyuta, akafundisha Rochester, Marekani, na akashirikiana na Donald Knuth, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Stanford, kuchora herufi za hisabati zilizopewa jina la Euler. Katika kazi hiyo alikuwemo kijana David Siegel. Mwaka 1993 Siegel akamwandikia Zapf barua: kompyuta sasa inaweza kubeba maumbo mengi ya herufi moja, tutengeneze fonti ya mwandiko ambamo kila herufi ina sura nyingi na programu inachagua. Zapf alisita. Kisha akaukumbuka ule ukurasa wa 1944.

Walifika mbali, wakisaidiwa na mtaalamu wa programu, Gino Lee. Kazi ikiwa karibu kwisha, Siegel akaandika tena: mpenzi wake amemwacha, hana tena hamu ya kitu chochote, anajitoa. Maelezo haya aliyatoa Zapf mwenyewe. Huwa nayafikiria kila ninapoweka majina mawili ya maharusi kwa fonti hii, kwamba iliwahi kulala bila kumalizika kwa sababu ya moyo uliovunjika. Zapf alipopata nguvu ya kuendelea aliipeleka kwa kampuni ya fonti ya Linotype, nao wakaikamilisha ikiwa na alfabeti nne, mapambo na mikia ya akiba. Miaka michache baadaye, mwaka 2003, Zapf na Mjapani Akira Kobayashi waliipanua kuwa Zapfino Extra, yenye sura nyingi zaidi, kanuni za kuchagua herufi kwa kutazama majirani zake, na toleo nene linaloitwa Forte. Apple nao waliiweka kwenye kompyuta zao za Mac, ikiwa na maumbo zaidi ya 1,400, na ndivyo ilivyoingia mikononi mwa watu ambao hawajawahi kusikia jina la Zapf. Kwenye Mac ukiandika neno Zapfino lenyewe, herufi zake saba huungana kuwa umbo moja lililochorwa maalumu kwa ajili ya neno hilo.

Kwa neno Ng'wana hakuna aliyechora umbo la namna hiyo. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na sikuifanya.

Waliosoma chuo cha Kurani pwani wataelewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa. Katika khati ya Kiarabu, herufi ya be mwanzoni mwa neno si ile ya katikati, wala si ile ya mwisho inayosimama peke yake. Mwandishi wa khati hajiulizi "be inaandikwaje?" Anajiuliza iko wapi na imekaa na nani. Zapfino inazitendea herufi za Kilatini jambo la jamii hiyo. Sasa fikiria mtu anaandika bismillahi juu ya kadi ya nikahi kwa kubonyeza herufi moja moja, kila moja na umbo lake la pekee, bila kuziunganisha. Hakuna shehe atakayeipokea. Mimi nilifanya karibu na hivyo. Niliandika, programu ikachagua maumbo yake ya kawaida, nikaona mikia, nikaridhika.

Sasa turudi kwenye jina. Ng'wana, kwa herufi ndogo baada ya N kubwa, ni g yenye mkia mrefu chini, ritifaa (ile alama ya '), halafu w, a, n, a. Hizo nne za mwisho hazina kitu kinachopanda wala kinachoshuka. Katika mwandiko wa kalamu bapa ulioegama, n na u ni mapigo yaleyale mawili, tofauti yao ikiwa tu mahali pa kuungana, juu au chini. W ni mapigo yaleyale yakiongezeka. Mapigo ya namna hiyo yakipangwa mfululizo, jicho halina pa kushika. Waandishi wa Ulaya wa zama za kati waliijua shida hii, ndiyo maana walianza kuweka nukta juu ya i, ili ijulikane kati ya m, n na u.

Na Kiswahili, hebu kitazame. Mwanamume: herufi tisa, hakuna hata moja inayopanda au kushuka. Wanawe. Mwana wao. Mwananyamala ina M kubwa mwanzoni, y moja ya kushuka na l moja ya kupanda, na zilizobaki zote ni mawimbi madogo. Lugha yetu na za jirani zetu zimejaa mw-, wa-, -na-, -mu-. Linganisha na neno dhahabu, lenye d, h, h na b: lina nguzo nne, na kwa Zapfino linasimama kama msikiti wenye minara. Jina la bibi harusi lilikuwa la aina ya dhahabu. Jina la ukoo wa bwana harusi lilikuwa la aina ya mwanamume. Nilipima fonti kwa jina moja rahisi, nikaivisha kadi nzima.

Ritifaa ilikuwa na msiba wake. Katika Ng'wana si pambo. Bila hiyo sauti inakuwa nyingine, kama vile ng'ombe asivyo ngombe. Kwenye kadi yangu mkunjo wa N kubwa ulikuwa umepita juu yake, na ile alama ndogo ikaonekana kama sehemu ya mkunjo. Ndipo macho ya shangazi yakaona g inaungana moja kwa moja na kitu kinachofanana na u, kisha v.

Hayo ya jina yangetosha, lakini kulikuwa na mengine mawili yaliyoyazidisha. Zapfino inahitaji nafasi kubwa mno kati ya mstari na mstari. Mikia ya juu na ya chini ni mirefu kuliko mwili wa herufi, na mistari 14 kwenye kadi ya kukunjwa haina nafasi hiyo. Niliibana. Mkia wa g ya Ng'wana ukaingia kwenye mstari wa chini yake, ukalikata jina la kanisa. Halafu dhahabu. Katika dhahabu ya joto, mstari mwembamba sana haushiki vizuri, na tundu dogo ndani ya a au e hujaa. Nilipoweka kadi chini ya taa na kuitazama kwa kioo cha kukuzia, mapigo membamba yanayounganisha herufi yalikuwa yamekatika sehemu kadhaa. Yaani vile vidokezo vichache vilivyobaki vya kutofautisha n na u ndivyo vilivyopotea. Toleo la Forte lingestahimili zaidi. Sikuwa nalo, wala sikuwa nimefikiri kulihitaji.

Kesho yake nilirudi kwa mama wa bibi harusi, shangazi akiwepo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, nikamwambia kosa ni langu, si la kiwanda wala la fonti, na kwamba kadi zitachapwa upya kwa gharama yangu. Mama akauliza, "Kwa hiyo mikia inaondoka?" Alikuwa na uchungu kweli. Nikamwambia inabaki, ila itakaa pale panapostahili.

Kadi ya pili nilianza na jina gumu kuliko yote. Niliandika Ng'wana na jina la babu peke yake kwenye ukurasa mtupu, nikafungua paneli yenye maumbo yote ya fonti na kuyapitia moja moja kwa karibu saa tatu. N nikaichagua ile iliyotulia, isiyo na mkunjo wa juu. G nikaipa mkia mfupi. Ritifaa nikaikuza kidogo na kuiachia hewa pande zote mbili, ionekane ni alama iliyokusudiwa. Kwa w nikatafuta umbo lenye ncha kali chini, lisilofanana na u mbili, na a ya mwisho wa jina la babu ndiyo nikaipa mkia, kwa sababu mwishoni haina jirani wa kumsumbua. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwenye irabu, kwa hiyo nafasi hiyo ya mwisho huwa ipo. Watu wengi huweka pambo kwenye herufi ya kwanza tu na kuisahau.

Zapfino ikabaki mahali patatu: jina la bibi harusi, jina la bwana harusi, na jina la ukoo kwenye ukurasa wa ndani. Maneno mengine yote nikayaweka kwa Palatino. Ni kazi ya mkono uleule wa Zapf, wa miaka ile ya baada ya vita, na jina lake ni la Giambattista Palatino, bingwa wa mwandiko wa Italia wa karne ya 16. Zikikaa pamoja hazigombani. Hakuna neno lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu za Zapfino. Hilo naliona sana kwenye kadi, HARUSI au MWALIKO kwa herufi kubwa zote zenye mikunjo, na mikunjo inavaana hadi neno linakuwa fundo. Herufi kubwa za namna hii zilichorwa zitangulie herufi ndogo. Hazikuchorwa zisimame pamoja.

Rangi tuliigeuza: karatasi ya rangi ya maziwa, wino wa damu ya mzee, na dhahabu ikabaki kwenye mstari mmoja mnene pembezoni. Mama alikubali hilo baada ya kuona sampuli mbili kando kwa kando kwenye mwanga wa sebuleni kwake, usiku, si kwenye skrini yangu.

Kabla ya kuchapa zote nilichapa kadi tano na kuzipeleka kwa watu wasiowajua maharusi. Mama anayeuza chakula jirani na ofisi, kijana wa bodaboda, mlinzi wa zamu ya usiku, jirani mstaafu, na binti wa darasa la sita. Sikuwauliza kama ni nzuri, kwa sababu karibu kila mtu husema kadi ni nzuri. Niliwaomba wanisomee majina kwa sauti. Wanne walisoma sawa. Mlinzi alisita kwenye jina la pili la bibi harusi, nikarudi nikabadilisha r moja iliyofanana na v. Tangu siku hiyo sipeleki kadi kiwandani kabla haijasomwa kwa sauti na mtu asiyejua kilichoandikwa.

Maboksi mapya yalifika zikiwa zimebaki siku 12. Shangazi alichukua kadi moja, akaifungua kwenye ukurasa wa ndani, akapitisha kidole chini ya jina bila kusema kitu. Halafu akatoa simu, akampigia mama yake mzee Shinyanga, akamwambia aweke simu sikioni vizuri, akaanza kumsomea kadi nzima: wazazi, watoto, kanisa, ukumbi ulioko Mwananyamala, mpaka namba za simu za kamati. Hakusimama popote.